Ujumbe wa Chaneli ya Nne

Wanaosimulia mambo ya aina hii huanza kwa kuapa. Mimi sitaapa. Nimesomeshwa kupima vitu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba jambo lisilopimika halipo. Kwa hiyo usinidhanie kuwa mtu wa kutishwa na upepo. Nilitafuta kila maelezo mengine kabla ya kuyakubali haya, na sikuyapata. Yalinitokea Ifakara, katika miaka ya tisini, kabla simu za mkononi hazijafika bondeni. Tena yalitokea mchana kweupe, nikiwa mzima wa afya na sijanywa chochote zaidi ya chai.

Wakati huo nilikuwa nasomea shahada ya pili. Utafiti wangu ulihusu kupanda na kushuka kwa maji ya mto Kilombero, na kila wiki nilikwenda Kivukoni, pale pantoni lilipovusha watu na magari, kusoma vipimo vilivyochorwa kwenye nguzo. Kazi ikiisha sikuwa na la kufanya, ila nilikuwa na mapenzi ya siku nyingi na redio. Si redio ya kusikiliza taarifa ya habari, bali redio ya kuzungumza, ile ambayo watu wa Ifakara waliiita simu ya upepo. Nilikuwa na leseni ya mrushaji wa ridhaa, yaani mtu anayezungumza hewani na wenzake wa mbali kwa kupenda tu, bila biashara. Leseni nilikuwa nayo. Chombo sikuwa nacho.

Ndipo nikasikia kwamba mradi mmoja wa mpunga, uliokuwa umefungwa, unauza vifaa vyake. Mtunza stoo wake aliitwa Festo, mtu wa makamo, mwenye utani usiokwisha. Alinitolea redio ya chuma ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia.

"Hii, Profesa, imeanguka kutoka kwenye gari mara mbili," aliniambia. Uprofesa alikuwa amenitunuku yeye. "Lililopelekwa gereji ni gari."

Wewe ungefanya nini? Mtu mwingine angeinunua au angeiacha. Mimi nilikwenda nyumbani, nikafungua daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja niliandika mema yake: imetengenezwa kwa ajili ya kazi, haiogopi vumbi wala joto, sauti yake hufika mbali, na dereva asiyejua kusoma anaweza kuiendesha. Upande wa pili niliandika kasoro, na kasoro kubwa ilikuwa hii: redio ya kibiashara haina kitufe cha kuzungusha ili utembee hewani unapotaka. Ilikuwa na chaneli sita tu, na kila chaneli ilishikwa na kristali yake, kipande kidogo kinachochomekwa ndani na kuiamuru redio iseme katika masafa yale na si mengine. Mrushaji wa ridhaa ni mtu wa kutangatanga. Atafanya nini na chombo kilichofungwa kamba? Nitaagiza kristali nyingine kutoka wapi? Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Siku ya nne Festo alichoka nami.

"Profesa, hata mchumba hachunguzwi hivi. Ichukue ukae nayo siku tatu. Ukishindwa, irudishe, hatutadaiana mahari."

Nikaichukua. Nilinyoosha waya wa antena kutoka kwenye paa hadi kwenye nguzo ya jirani, huku mama mwenye nyumba akinitazama kwa mashaka na kuniuliza kama waya ule hautamwitia radi. Nikaunganisha betri ya gari. Siku ya kwanza nilisikia madereva wa kampuni fulani wakitaniana, na mtu mmoja akiagiza misumari. Niliandika yote.

Siku ya pili, saa kumi kamili jioni, nilikuwa nazipitia chaneli moja moja. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na ule mchakacho wa kawaida, kama mchele unaopepetwa. Ya nne ilikuwa kimya kabisa. Naomba ulishike hilo: si kimya cha mtu kutozungumza, bali kimya cha chombo kilichokufa. Mkono wangu ulikuwa tayari kuipita.

"Ifakara, Ifakara, hapa Mofu. Unanipata? Ovaa."

Mofu ni kijiji cha mbali, ndani ya bonde. Ilikuwa sauti ya mzee. Haikuwa na mchakacho wowote nyuma yake. Ilisikika kama mtu aliyeketi nami chumbani. Sikujibu. Nilijua kwamba leseni yangu haikuniruhusu kusema katika chaneli ya kibiashara, na mimi ni mtu wa kufuata kanuni. Akaita mara ya pili, akaita mara ya tatu, bila haraka, kama mtu anayebisha hodi akijua kwamba wenyeji wamo ndani. Nikabonyeza kitufe.

"Mofu, nakupata vizuri. Shikamoo, mzee. Ovaa."

"Marahaba. Wewe siyo Festo. Festo angekuwa ameshanikatiza mara mbili."

Nilicheka. "Mimi naijaribu tu hii redio, mzee."

"Basi ijaribu kwa kuandika. Kalamu unayo? Maana vijana mnaandika kwa kichwa, halafu mvua ikinyesha mnasahau."

Nilimwambia ninayo. Akanisomea polepole, akiacha nafasi kati ya maneno kama watu wa kazi hiyo wafanyavyo: "Kwa Emerensiana, Lumemo, nyuma ya kinu cha kukoboa mpunga. Baba yako anaumwa. Njoo haraka. Mwisho. Isome."

Nikaisoma.

"Vizuri. Kesho saa kumi nipe jibu kama umempata."

"Nani anaongea, mzee? Ovaa."

"Mofu," alisema. "Mofu inatosha."

Chaneli ikarudi katika ukimya wake. Nami nikafanya nini? Nikafungua ule ukurasa wenye mstari katikati, na upande wa mema nikaandika: sauti safi mno, haina mchakacho hata kidogo. Ndiyo, niliihesabu kuwa sifa ya redio.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana mpaka hapo sikuwa nimekosa. Wewe na mimi tumelelewa katika desturi moja. Kwetu habari ya kifo haitumwi uchi. Mtu akifariki, ndugu aliye mbali huambiwa kwamba mgonjwa amezidiwa, aje. Lengo ni kumfikisha salama, asije akaanguka njiani. Kila mtu mzima anajua hivyo, na kila mtu mzima hujifanya hajui mpaka aone watu wameketi chini nje ya nyumba. Mimi mwenyewe nililetewa simu ya maandishi chuoni: mama mgonjwa, njoo. Nikaamini. Njia nzima nilipiga soga na abiria wenzangu na kucheka, na nilipofika nikakuta mama amezikwa jana yake. Kile kicheko sikukisamehe. Nilijiambia kwamba sitamfanyia mtu mwingine vile hata siku moja.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri juu ya baiskeli kuelekea Lumemo. Kufikia daraja nilikuwa nimeshathibitisha, hatua kwa hatua, kama mtu anayetetea tasnifu, kwamba baba yake Emerensiana amekufa. Kwa nini aliyetuma hakutaja jina lake? Kwa nini hakusema ugonjwa gani? Kwa nini haraka? Kila swali lilipata jibu lake, na majibu yote yalikuwa mamoja.

Emerensiana nilimkuta akipepeta mchele nyuma ya kinu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi. Mumewe, Kristofa, fundi baiskeli, alikuwa amepindua baiskeli ya mtu na kulizungusha gurudumu. Nilijitambulisha, nikasoma ujumbe kama ulivyo. Emerensiana aliweka ungo chini.

"Kuna lori linakwenda kubeba mpunga upande wa kijiji cha Mbingu," alisema, akiwa ameshasimama. "Lipo hapo kinuni, linaondoka sasa hivi. Nikilipata hilo, kesho asubuhi na mapema nipo kwa baba." Akaingia ndani kuchukua khanga.

Kristofa akanisindikiza hadi kwenye baiskeli yangu. Akanishika kiwiko.

"Kaka, yeye hayupo hapa. Niambie kiume. Anaumwa, au ndiyo hivyo?"

Ningeweza kumwambia kwamba sijui. Niamini, hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa na maneno machache. Mimi ambaye katika maandishi yangu siwezi kumaliza sentensi bila kuweka "huenda", siku ile sikuliweka.

"Ndiyo hivyo," nilisema.

"Nilijua," akasema Kristofa, akafuta grisi mikononi taratibu. "Redio haisemi kifo. Asante kwa kutotuficha."

Akaingia ndani. Kilio nilichokisikia sitakieleza. Katikati ya kilio hicho lori lilipiga honi mara mbili pale kinuni, likaondoka. Maana mtu haendi msibani peke yake kwa lori la mpunga. Msiba una taratibu zake: ndugu wa Lumemo wakusanyike, katekista apewe habari, sanda inunuliwe, na seremala aambiwe urefu wa mzee. Huko Mofu wangepata wapi mbao zilizopigwa randa? Kristofa alikuwa mkwe, alitaka kufika kama mkwe. Nyundo ya seremala iligonga mpaka giza likaingia, na ikaanza tena alfajiri.

Tuliondoka kesho yake saa sita mchana, kwa pikapu ya kukodi, jeneza likiwa katikati yetu. Nasema "tuliondoka" kwa sababu nami nilikwenda. Nilijiona nimekuwa sehemu ya familia. Barabara ilipoishia, maji ya masika yalikuwa hayajakauka vizuri, na gari halikuweza kuendelea. Tukamkuta mfugaji mmoja, Msukuma, jina lake Masanja, akitoka machungani na mkokoteni wake wa ng'ombe. Alivua kofia alipoliona jeneza, akasaidia kulipakia bila kuulizwa. Emerensiana na wanawake walitangulia kwa miguu. Sisi wanaume tulifuata mkokoteni.

"Poleni sana," Masanja alisema baada ya muda. "Marehemu ni nani?"

"Mzee Alfonsi," akajibu Kristofa. "Baba mkwe."

Masanja aliwasimamisha ng'ombe. "Alfonsi wa redio? Mbona juzi nilipita kwake kumpelekea maziwa? Kusema hawezi, ni kweli, kiharusi kimemshika. Lakini alikuwa hai."

"Juzi ni juzi, Masanja," Kristofa alisema. "Swaga ng'ombe."

Lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno moja. Nikamuuliza Masanja kama mzee bado anayo hiyo redio.

"Redio? Aa, walishamnyang'anya. Mradi ulipokufa walikuja wakaing'oa na waya wake wote. Mofu hakuna redio sasa, ndugu yangu. Ukitaka kumwita mtu, unapanda mtumbwi."

Nilitazama saa yangu. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano. Nilijiambia: Masanja hajui; labda mtu mwingine ameleta chombo; labda nilisikia jina vibaya. Nilikuwa na "labda" nyingi ghafla, mimi niliyekosa hata moja jana yake.

Saa kumi na robo tuliona nyumba za kwanza za Mofu. Kama ilivyo desturi, wanawake waliokuwa mbele walianza kulia kabla ya kufika, ili wenyeji wajue kwamba wafiwa wamekuja. Watu wakatoka majumbani. Hawakutupokea kwa kilio. Walisimama wakitutazama, wengine wakishika midomo. Dada wa mzee, Bibi Tekla, akaja mbio akiwa na maji mikononi, akasimama mbele ya mkokoteni.

"Nani amewaita?" aliuliza. "Hatujatuma mtu. Ndiyo kwanza tumemfumba macho, hata hatujamaliza kumnyoosha. Na hilo sanduku mmelitengeneza lini?"

Ng'ombe mmoja alitikisa kichwa, kengele yake ikalia.

Emerensiana alikuwa ameacha kulia. "Shangazi," alisema, "amefariki saa ngapi?"

"Sasa hivi, mwanangu. Kabla hamjapita pale kwenye mnazi."

Tulipoketi, Bibi Tekla alieleza. Kaka yake alikuwa amelala siku tisa bila kutamka neno, upande wa kushoto umekufa. Wa kulia ulikuwa na uhai, na kidole gumba chake hakikutulia: kilibonyeza, kikaachia, kilibonyeza, kikaachia, mchana kutwa, mpaka wakamwekea kitambaa mkononi. Jana jioni kikatulia chenyewe. Mzee akageuza uso akautazama mlango. Wakadhani amepata nafuu. Usiku mzima hakulala, na leo mchana walipotaka kumgeuza alikataa, akang'ang'ania mlango kwa macho. "Alikuwa kama mtu aliyeahidiwa mgeni," alisema.

Emerensiana alinijia pale nilipokuwa nimesimama.

"Kaka, hebu usome tena ule ujumbe."

Nilitoa daftari. Baba yako anaumwa. Njoo haraka.

"Kuna mahali umeandikwa kwamba amekufa?"

"Hapana."

"Basi nani alisema?"

Kristofa alitazama chini. Angeweza kunitaja, hakunitaja, na heshima hiyo ilinichoma kuliko aibu.

"Mimi," nilisema.

Hakupiga kelele. Alinitazama kama anayetafuta nilipo ndani ya uso wangu. "Haya," akasema, akaingia kwa baba yake.

Niliporudi Ifakara, sikulala kabla ya kuifungua ile redio. Nilitoa skrubu nane. Matundu ya kristali yalikuwa sita. Matano yalikuwa na kristali zake. La nne lilikuwa tupu, na ndani yake buibui alikuwa amefuma na kuhama. Chaneli ile isingeweza kupokea chochote, wala kurusha chochote, kutoka kokote. Hilo si suala la imani. Ni suala la umeme.

Asubuhi nilimrudishia Festo chombo chake na kumweleza yaliyotokea. Kwa mara ya kwanza hakutania.

"Hiyo ilikuwa ya Mofu," alisema. "Mzee Alfonsi aliitunza miaka kumi na miwili, akiifuta vumbi kwa shati lake. Ya nne ilikuwa yetu sisi wawili, Mofu na Ifakara. Kristali yake niliitoa kwa mkono wangu siku tuliyofunga." Akakipangusa chombo kwa kiganja. "Alikuwa na msemo mmoja: Festo, unanikatiza."

Nilikuwa sijamwambia kwamba sauti ilimtaja hivyo. Wewe fikiria mwenyewe nilivyoondoka pale.

Matanga yalipokwisha, Emerensiana alikuja chumbani kwangu. Nilikuwa nimeshamweleza habari ya ile sauti. Hakuketi. Alisema baba yake alitaka jibu saa kumi, na jibu hakupewa. Aliniomba niinunue ile redio, niifunge kama ilivyokuwa, nimwambie mzee kwamba mwanawe alikuwa tayari ameshasimama, alikuwa anakwenda kuchukua khanga. "Maneno hayo tu," alisema. "Hata asipojibu."

Nikamwambia nitafikiri. Na kweli nilifikiri. Nilichora mstari mwingine katikati ya ukurasa. Je, ni haki kumpa mfiwa tumaini la namna ile? Je, kama sauti ingejibu? Je, kama isingejibu, si ningemuua baba yake mara ya pili? Nilifikiri kwa majuma mawili. Nilipokwenda stoo, Festo alifungua mikono: fundi mmoja kutoka Morogoro alikuwa ameichukua, akaivunja vipuri.

Nilikwenda Lumemo kumweleza Emerensiana. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, wewe una tabia ya ajabu," alisema. "Ukiambiwa haraka, unakaa. Pasipo na haraka, unakimbia."

Shahada niliipata. Redio ninayo pia, nzuri, yenye kitufe cha kuzungusha, nami huzungumza na watu wa nchi nyingi. Sauti zenye mchakacho hazinisumbui. Ila ikitokea sauti safi kupita kiasi, mkono wangu huizima kabla sijajua inasema nini, kisha hukaa mpaka usiku nikijiuliza nimemzimia nani. Kila nikifika Ifakara huenda kumsalimu Emerensiana. Hunipokea vizuri, hunipikia wali, hunifungia na mchele wa safari. Angenifukuza ningepumzika.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma, uwe umeniamini au hukuniamini. Ukiletewa habari kwamba mtu wako anaumwa, usikae kuipambanua. Usimvute aliyeileta pembeni umuulize ukweli wake, hana. Ondoka vile ulivyo. Beba dawa, beba machungwa, beba chochote ambacho mgonjwa hubebewa. Ukikuta msiba, machungwa watakula waombolezaji, na hakuna atakayekucheka. Mimi niliwapeleka watu na jeneza kwa mzee aliyekuwa anautazama mlango.